Bango la tabia njema linapogoma: dalili, chanzo na dawa yake

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu ambaye ameshakaa na watoto, karatasi ya manila imeshatandazwa sakafuni, na kazi haiendi. Tafuta dalili inayofanana na yako, soma chanzo chake, kisha jaribu dawa. Si lazima usome kwa mpangilio.

Hapa Dodoma mabango ya namna hii hutafutwa sana kuelekea Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, na Siku ya Kunawa Mikono Duniani, tarehe 15 Oktoba, ukiacha zile kazi za shule za somo la maadili ambazo mtoto hukwambia Jumapili jioni maduka yakikaribia kufungwa. Tarehe zote mbili zinaangukia kiangazi chetu: jua kali, upepo na vumbi. Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya mwongozo inahusu karatasi, gundi na ukuta. Lakini hayo yana dawa rahisi. Matatizo yanayoharibu kazi kweli huanza kabla penseli haijagusa karatasi, kwa hiyo naanza nayo.

Dalili: Watoto wameshika penseli, karatasi bado nyeupe

Chanzo karibu kila mara ni mada. "Tabia njema" ni pana mno kwa mtoto wa darasa la nne. Anajua kwamba tabia njema ipo, anajua anatakiwa kuwa nayo, ila hawezi kuichora kwa sababu haina mikono wala miguu. Ukimwambia "chora usafi" atachora ufagio, basi.

Dawa ni kumshusha kutoka kwenye neno kubwa hadi kwenye kitendo kimoja alichokifanya yeye. Maswali matatu yanatosha: nani, anafanya nini, wapi. Mazungumzo huenda hivi:

"Mwalimu, mimi nitachora usafi."
"Vizuri. Leo asubuhi kabla hujaja shule, ulifanya nini cha usafi?"
"Nilinawa uso."
"Ulinawia wapi?"
"Uani. Bibi alinimiminia maji kwa kopo."

Bango limeshapatikana: mtoto ameinama, bibi ameshika kopo, maji yanateremka. Na kwa watu wa kanda ya kati picha hiyo ina uzito wake. Vikope, yaani trakoma, ni ugonjwa uliosumbua sana wilaya kama Kongwa, na watafiti wameufuatilia huko tangu miaka ya 1980. Huambukizwa kwa mikono, kwa vitambaa vya kufutia uso vinavyotumiwa na watu wengi, na kwa nzi wanaotua kwenye macho yenye tongotongo. Uso safi ni sehemu ya kinga yake. Uso wa mtoto hunawika kwa maji ya kikombe kimoja, kwa hiyo hata kaya inayonunua maji kwa dumu inaweza. Mtoto aliyechora kile anachofanyiwa na bibi yake kila asubuhi hahitaji kukumbushwa ujumbe wa bango lake.

Kama kikundi kizima kimekwama, msikae. Tembeeni: bombani, chooni, getini, kwenye mstari wa uji. Kila mtoto arudi na kitendo kimoja alichokiona kwa macho.

Dalili: Bango limejaa maneno na hakuna anayelisoma

Hapa watoto wamenakili orodha kutoka daftarini. Kuheshimu wakubwa, kuwahi shule, kupiga mswaki, kutunza mazingira, kuwa mkweli, kumi na ngapi sijui. Kila kitu ni cha kweli na hakuna kinachoonekana.

Bango moja libebe kitendo kimoja na kichwa cha maneno yasiyozidi matano. Mtu mzima asichague peke yake. Andika vitendo ubaoni au chini kwa kijiti, mpe kila mtoto kokoto moja, aiweke kwenye kitendo anachoona watoto wenzake wanakisahau zaidi. Chenye kokoto nyingi ndicho cha bango. Vilivyobaki havitupwi: kila kikundi kichukue kimoja, shule ipate mabango sita badala ya moja lililosongamana.

Kisha angalia lugha. "Dumisha usafi wa mwili na mazingira" ni sentensi ya barua ya ofisini. Hakuna mtoto anayemwambia mwenzake hivyo. Muulize, "Ungemwambia mdogo wako vipi?" Atakujibu: "Nawa kwanza!" Andika hilo. Kitenzi kianze, kiwe kifupi: Nawa uso. Panga mstari. Rudisha ulichoazima. Msalimie mlinzi. Nimeona pia kichwa kilichoanza na "Mbukwenyi!", na nadhani ni wazo zuri sana kwa shule ya Chamwino au Bahi, maana mzazi anayepita anaposalimiwa kwa Kigogo husimama.

Dalili: Picha inafundisha kosa

Hii haigunduliki mapema. Watoto wamechora wavulana wawili wanapigana, ngumi hewani, damu puani, wengine wanashangilia. Juu yake wameweka mkwaju mwekundu, ule mstari wa mshazari wa kukataza, na maneno "Usipigane". Wamefurahi kweli kuichora, na hapo ndipo tatizo lilipo: kitu kilichochorwa kwa mapenzi zaidi ni ugomvi. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye bado hajasoma vizuri anaona ngumi. Mkwaju kwake ni mstari tu.

Chanzo ni sisi wakubwa, tuliozoea kuwalea kwa "usi". Usikimbie, usitupe, usiseme. Mtoto anarudisha alichosikia.

Dawa: badala ya kuuliza "nini hakitakiwi?", uliza "basi afanye nini?" Wavulana wawili wanagombania mpira. Wafanye nini? Watoto watatoa majibu, na mengi ni mazuri: wacheze kwa zamu, wamwite kiranja, wagawane timu. Chora mmoja anampa mwenzake mpira. "Usitupe taka" iwe mtoto anayetia ganda la muwa kwenye ndoo. "Usiwacheke wenye ulemavu" iwe mtoto anamsukuma mwenzake kwenye kiti cha magurudumu kwenda kucheza, na wote wanacheka pamoja. Zinachorwa kwa furaha ileile, sasa ikielekea kunakotakiwa.

Ninakubali "usi" mahali pamoja tu: penye hatari ya papo hapo, kama nyaya za umeme zilizoning'inia au kisima kisicho na kifuniko. Hapo hakuna muda wa kubembeleza.

Dalili: Bango ni zuri mno, na mtoto amekaa pembeni anachezea raba

Ukiona mistari imenyooka kupita kiasi na mwenye kazi amenyamaza, mtu mzima ameshika kalamu. Mara nyingi ni mzazi mwenye upendo anayeogopa mwanawe atachekwa. Matokeo yake bango linapata alama na mtoto hapati kitu. Mwalimu akiuliza "hii ina maana gani?" anaangalia dari.

Gawa kazi waziwazi. Mikono ya mtu mzima ifanye vitu vinne: kupima kwa rula pale mtoto anapoomba, kukata kwa kisu, kupika gundi na kupigilia misumari. Wazo, mchoro, herufi na rangi ni vya watoto. Ukiwa na mwasho wa kurekebisha, chukua karatasi yako uchore bango lako pembeni.

Mtoto atasema, "Sijui kuchora mtu." Mwambie habari za Kolo, kule Kondoa. Ile michoro ya mwambani, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina watu wengi waliochorwa kwa mistari mirefu, vichwa vya duara, bila pua wala kidole, na bado unatambua kwamba huyu ameinama na yule amenyoosha mkono. Kinachobeba picha ni mkao wa mwili. Kwa hiyo mtoto mmoja asimame mbele, ajifanye ananawa au anabeba ndoo, wenzake wachore mgongo umepinda wapi na mikono imekwenda wapi. Nyuso zinaweza kuja mwisho, nukta mbili na mstari.

Kwa bango la kunawa mikono kuna njia rahisi kuliko zote: kila mtoto aweke kiganja kwenye karatasi na kukizungushia penseli. Viganja ishirini vya ukubwa tofauti vikiwa vimezunguka kipande cha sabuni, na kila mwenye kiganja atakuja kukitafuta chake ukutani.

Dalili: Herufi zinaanza kubwa kushoto na kubanana kulia

Mtoto ameanza kuandika bila kuhesabu. Chukua mfano wa kichwa "NAWA MIKONO". Hesabu herufi pamoja na nafasi katikati: 11. Karatasi yenu ina upana wa sentimita 60, acha sentimita 4 kila pembeni, zinabaki 52. Gawa kwa 11, unapata kama 4.7. Fanya kila herufi iwe na chumba cha sentimita 4.5, mabaki yagawanywe pande mbili. Piga mistari miwili kwa penseli nyepesi, ya juu na ya chini, iachane sentimita 6, kisha weka alama za vyumba. W na M zinataka kuzidi chumba chao kidogo, I inarudisha.

Hesabu hii waachie darasa la tano waifanye wenyewe. Ni kugawanya kwenye matumizi halisi, na wakikosea wanaona kosa kwa macho kabla ya wino.

Kama wino umeshapita na neno limebanana, msianze upya. Andikeni kichwa kwenye ukanda mwingine wa karatasi na mbandike juu yake.

Dalili: Kwa karibu linapendeza, kwa mbali halisomeki

Sababu ni tatu na huweza kuja pamoja: herufi ndogo, mstari mwembamba, rangi dhaifu. Herufi ya urefu wa sentimita 2.5 husomeka bila shida ukiwa mita 3 hivi. Bango la darasani linaweza kuishi na hilo, la getini linahitaji mara mbili au zaidi. Unene wa mstari uwe angalau upana wa ncha butu ya maka peni, siyo kalamu ya wino. Na manjano juu ya karatasi nyeupe hupotea kabisa, sawa na kijani hafifu. Manjano itumike kujaza, nyeusi au bluu iliyokoza itumike kuandika.

Kipimo ni hiki. Egemeza bango ukutani, rudi nyuma hatua kumi, umwite mtoto wa darasa la pili ambaye hajaliona. Usimuulize limeandikwa nini. Muulize, "Huyu anafanya nini?" Akisema "ananawa", mmemaliza. Akisema "anavua samaki", rudini kwenye mikono na maji. Watoto waliochora wasimame karibu wasikie jibu, ila wasimsaidie.

Dalili: Maneno yana makosa

Rekebisha wakati bado ni penseli. Mtego mkubwa ni L na R. "Nawa mikono kabla ya kura" inampeleka msomaji kwenye sanduku la uchaguzi. H huanguka pia, ikabaki "eshimu", na DH hugeuka Z, "zarau". Usimsahihishe mtoto mbele ya kundi kwa kumcheka. Mpe kamusi au kitabu cha kiada, kikundi kisome herufi moja moja kwa sauti kuanzia mwisho wa neno kurudi mwanzo. Macho hayaruki herufi ukisoma kinyumenyume.

Dalili: Wino unafutika, unachuja au umepauka

Kwanza angalia maka peni yenyewe. Zile za ubao mweupe zimetengenezwa zifutike. Kwenye manila zinaweza kushika kiasi, lakini kwenye mfuko wa salfeti vumbi na viganja vitaziondoa. Muuzaji wa steshenari mwambie waziwazi kwamba unataka ya kudumu, na ijaribu pale dukani kwenye kipande cha karatasi, maana nyingi hukauka zikiwa rafuni.

Salfeti ninaipenda kwa mabango ya nje. Walimu wetu wamezichorea zana za kufundishia kwa miaka mingi: mfuko wa unga au mchele unafumuliwa, unafuliwa, unakaushwa, unachorwa upande ambao haujachapwa. Hauchaniki kwa upepo na mvua ya Desemba haiuozeshi. Ubaya wake, uzi wake huvuta wino mwembamba kando, kwa hiyo mistari iwe minene na mkono usisimame sehemu moja.

Kupauka ni jua. Wekundu na waridi wa maka peni huwahi kuondoka, nyeusi hudumu zaidi. Ukihitaji wekundu mpana na wa kudumu, tumia udongo. Udongo wetu mwekundu ukitwangwa, ukachekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na gundi ya uji, ni rangi kamili ya kupaka kwa brashi au kitambaa, na haihitaji hela. Upake mwembamba, mara mbili. Ukiwa mzito utapasuka ukikauka na kumwagika kama unga.

Dalili: Karatasi imejikunja, ina mikunyanzi, au vipande vinabanduka

Gundi ni ya majimaji mno, au imepakwa upande mmoja tu wa karatasi nyepesi. Karatasi ikinywa maji hutanuka, ikikauka hujivuta, na kwa upepo wa Juni inakauka haraka pembeni kuliko katikati.

Gundi ya uji inayofaa: kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vinne vya maji. Koroga unga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vitatu vilivyobaki, mimina mchanganyiko taratibu huku ukikoroga, uache utokote dakika chache mpaka ung'ae. Hii ni kazi ya mtu mzima. Ipoe kabisa ndipo watoto waiguse, na itumike siku hiyo, maana kwa joto letu kesho yake itakuwa imechacha na mende wataijia.

Pakeni kidogo, bandikeni, kisha mkandamize kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda pembeni. Laza bango chini ndani ya chumba, juu yake boksi lililokunjuliwa na vitabu, mpaka kesho yake. Kama limeshajikunja, bandika karatasi nyingine nyuma yake kwa gundi ileile. Mvuto wa nyuma utaushika wa mbele, nalo litanyooka.

Dalili: Linadondoka ukutani kila asubuhi

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, ni chokaa, na solotepu imeshika unga wa chokaa badala ya ukuta. Kuongeza solotepu ni kupoteza pesa. Tundika: bua la mtama juu, bua lingine chini, karatasi imekunjwa kuyazunguka na kubandikwa, kamba ya katani ifungwe kwenye bua la juu na kuning'inizwa kwenye msumari mmoja. Bua la chini linatoa uzito wa kutosha upepo usilipeperushe. Kama mahali ni wazi sana kwa upepo, fungeni na la chini. Kona za bango zibandikwe kitambaa au kipande cha salfeti, kwani huko ndiko linakoanza kuchanika.

Dalili: Bango lipo, tabia haipo

Angalia kwanza lilipo. Bango la kunawa mikono lililotundikwa ofisi ya mwalimu mkuu linasomwa na wageni. Lihamishie njia ya kutoka chooni, kwenye kimo cha macho ya mtoto, siyo yako. Chuchumaa uhakikishe.

Kisha angalia kama kitendo kinawezekana. Hili linaniuma zaidi, kwa sababu bango linaloagiza "Nawa kwa maji tiririka na sabuni" juu ya bomba lililokauka linawafundisha watoto kwamba maneno ya ukutani ni ya kupita tu. Kama maji ni ya shida, tengenezeni kibuyu chirizi kabla ya bango: dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo ubavuni karibu na mdomo, limening'inizwa kwenye mti uliolazwa, kamba kutoka shingoni kwenda kwenye kijiti cha kukanyaga, sabuni ya kipande imetobolewa na kufungwa pembeni. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika kidogo kidogo, na mkono haugusi chombo. Wapangieni zamu ya kulijaza, na majina ya wenye zamu yaandikwe chini ya bango kwenye kipande cha karatasi kinachobadilishwa kila Ijumaa.

Bango lenyewe nalo huzoeleka. Likishakaa wiki tatu nne macho hulipita. Libadilishane nafasi na la kikundi kingine, au waliolichora waongeze kitu: kiganja cha mwanafunzi mgeni, jua, mbuzi wa jirani anayekunywa maji yaliyomwagika chini ya kibuyu. Mtoto akiona kimeongezeka kitu, atasimama tena kutazama, na dumu liko palepale pembeni yake.